Miili ya Wanaotumia Dawa Ipimwe

Kwa muda wa miaka zaidi ya 40 wembamba wa mwili umekuwa katika nchi yetu kama hati ya mashitaka. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, mtu aliyekonda kwa ghafla hakungojewa apimwe damu ndipo ahukumiwe. Majirani walimpima kwa macho, wakatikisa vichwa, na vijana wa mitaani wakasema kwamba amekanyaga waya. Ndugu zetu wa Uganda waliyaita maradhi hayo hayo kwa jina la wembamba, na waganga walipoyaandika habari zake katika jarida la kitabibu mwaka 1985 wakayapa jina hilo hilo la maradhi ya kukonda. Basi mioyoni mwa watu ikajengeka hesabu nyepesi: aliyekonda anakufa, na aliyenenepa hana kitu, au alikuwa nacho na sasa amepona.

Hesabu hiyo haikuwa sahihi hata siku zile, na leo imekuwa hatari. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na Serikali mwaka 2004, karibu miaka mitano baada ya Rais Mkapa kutangaza, siku ya mwisho ya mwaka 1999, kuwa UKIMWI ni janga la taifa. Mwaka 2016 ikaamriwa kwamba kila anayekutwa na virusi aanzishiwe dawa pasipo kungoja kinga yake ishuke. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika kila watu wazima 100 waliokuwa wakijua kuwa wana virusi, karibu 98 walikuwa wakitumia dawa. Na katika kila 100 wa hao watumiao, zaidi ya 94 virusi vyao vilikuwa vimefubazwa. Huu ni ushindi, wala hatuoni haya kuuita hivyo. Lakini watu waliotarajiwa kufa wakiishi, miili yao huanza kuwa na historia nyingine. Uzito hurudi, na kwa wengine hurudi kisha ukapita kiasi. Mafuta ya mwili huhama mahali pake. Sukari na lehemu hupanda ndani ya damu bila kupiga hodi. Na mwenye mwili huo, akiwa hakuelezwa kitu, hujitafutia maelezo mwenyewe, na mara nyingi maelezo anayoyapata ni yale ya kumfanya atupe dawa.

Tumechagua kulizungumza jambo hili kwa ajili ya Kibiti na delta ya Rufiji kwa sababu huko lina uzito wake wa pekee. Wilaya ya Kibiti, iliyomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010, ni kama wilaya mbili katika jina moja. Iko Kibiti ya barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara, yenye mabasi, malori, vibanda vya chipsi, soda za baridi na maduka ya dawa. Na iko Kibiti ya maji, yaani Salale, Kiongoroni, Maparoni, Mbwera, Msala na Mbuchi, ndani ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika Mashariki, wenye hekta zipatazo 50,000, ambako mtu hasafiri apendapo yeye bali yapendapo maji. Mtu wa huko akitaka kufika Nyamisati, na kutoka Nyamisati apande gari hadi Kibiti mjini, hupoteza siku ya uvuvi au ya shamba, pengine na ya pili ya kurudia. Kwa mtu kama huyo, kipimo kisichopatikana karibu na kwake ni sawa na kipimo ambacho hakijavumbuliwa.

Tena huko, kama ilivyo katika pwani yetu yote, unene una heshima ya tangu zamani. Mwali wa Kindengereko au wa Kizaramo alipowekwa ndani alitarajiwa atoke amenawiri, ngozi ikimeta, ili watu waone kuwa ametunzwa. Mume akisifiwa, husifiwa kwa mwili wa mkewe. Hatuzitaji desturi hizi kwa kuzidharau. Twazitaja kwa sababu hapana atakayeweza kuzungumza na watu wa delta juu ya mafuta ya mwili akiwa hakujua kwamba kwao neno kunenepa ni neno la sifa.

Yafaa kwanza tueleze mwili unavyofanya kazi. Virusi vikiachwa bila dawa, mwili hupigana navyo usiku na mchana, na vita hivyo huunguza nguvu nyingi hata mtu akiwa amelala. Wakati huo huo matumbo huharibika, kuhara hakukomi, chakula hupita pasipo kufyonzwa, kinywa huwa na vidonda, hamu ya kula hupotea. Mtu hula akiba yake mwenyewe: mafuta kwanza, kisha nyama. Dawa zikiingia, virusi vikazimwa, moto ule hupungua, matumbo hupona, na njaa hurudi kwa nguvu. Uzito unaorudi katika miezi ya kwanza ni deni linalolipwa, na mtu asiogope kulipwa deni lake. Mama mwenye urefu wa mita 1 na sentimeta 55 aliyeanza dawa akiwa na kilo 43 alikuwa amepungukiwa. Akifika kilo 55 amefika mahali pazuri. Taabu huanza iwapo mizani inaendelea kupanda hadi 67 na zaidi, na hapana aliyemwambia kwamba kituo chake alikwisha kukipita.

Huo ndio upande wa uzito. Mafuta kuhama ni jambo jingine, na lina historia ambayo wazee wa mapambano haya wanaikumbuka kwa uchungu. Katika miaka ya mwanzo ya tiba hapa nchini, mseto uliotumika sana ulikuwa na dawa iitwayo stavudini. Iliokoa maisha ya watu wengi mno, ilikuwa rahisi, na mtu asiitukane. Walakini ilikuwa na kasoro kubwa: iliharibu mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vilivyo ndani ya kila chembe ya mwili vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, na chembe za mafuta zilidhurika zaidi. Baada ya mwaka mmoja au miwili mashavu ya mtumiaji yakabonyea, mikono na miguu ikabaki mishipa mitupu, makalio yakaisha. Wengine walipata ganzi na moto katika nyayo. Mtu alikuwa na afya, kinga yake imepanda, anavua na kulima, lakini uso wake ulisomeka kama uso wa mgonjwa. Dawa iliyomponya ndiyo iliyomtangaza. Madaktari wa Sydney, Australia, walikuwa wamekwisha kueleza kuhama kwa mafuta kwa watumiaji wa dawa tangu mwaka 1998, hasa kwa wale waliotumia dawa za kundi jingine, ambao matumbo yao yalijaa na nyuma ya shingo zao kukaota nundu. Lakini nchi maskini ziliendelea na stavudini kwa sababu ya bei yake, mpaka mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani liliposhauri iachwe hatua kwa hatua. Nchi yetu iliiacha. Mashavu yaliyokwisha kubonyea, hata hivyo, hayakurudi yote kama yalivyokuwa, na wapo ndugu zetu ambao hadi leo wanabeba usoni alama ya bei iliyokubaliwa na wakubwa wa dunia kuwa ndiyo bei ya mtu maskini.

Twalisema hili ili vijana wanaoanza dawa leo wajue kwamba picha iliyo katika vichwa vya majirani, ya mtu wa mashavu makavu, ni picha ya dawa nyingine na ya zamani nyingine. Kidonge kinachotumika nchini tangu mwaka 2019 kwa watumiaji walio wengi ni mseto wa tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri, kimoja kwa siku. Hakiyaharibu mashavu. Huzima virusi upesi kuliko mseto uliotangulia wenye efavirenzi, ambao uliwasumbua watu kwa kizunguzungu na ndoto za kutisha, na virusi huchelewa sana kukizoea. Kwa kila mizani iliyo ya haki ni dawa bora. Na hiki nacho kina lake, nalo ni uzito.

Hatusemi kwa kubahatisha. Mjini Johannesburg watafiti waliwafuata watu 1,053 walioanza dawa, na matokeo yakatolewa mwaka 2019: baada ya wiki 48, waliotumia mseto wa zamani wa efavirenzi waliongezeka wastani wa kilo 1, waliotumia dolutegraviri pamoja na tenofoviri hii tunayoijua waliongezeka kilo 3, na waliopewa dolutegraviri pamoja na aina mpya ya tenofoviri wakaongezeka kilo 6. Wanawake waliongezeka kuliko wanaume. Mwaka ule ule, kutoka Yaoundé nchini Cameroon, ilijulikana kuwa watumiaji wa dolutegraviri waliongezeka kilo 5 na wa efavirenzi kilo 3 kwa muda huo huo. Wataalamu wanaendelea kujadiliana juu ya sababu. Sehemu moja imekwisha kueleweka: kwa watu ambao miili yao huitoa efavirenzi polepole, dawa hiyo yenyewe ilikuwa inazuia uzito usipande, hivyo ikiondolewa mwili huachiwa ukue. Pia mwenye kuanza dawa akiwa amechoka sana, kinga iko chini, huongezeka kuliko yule aliyeanza mapema, kwa sababu deni lake lilikuwa kubwa.

Kilo 3 au 5 peke yake si balaa. Swali ni mahali zinapokaa. Mafuta yaliyo chini ya ngozi, ya mapaja na makalio, hayana ubaya mwingi. Mafuta yanayojaza tumbo kwa ndani, yakayazunguka matumbo na kuingia katika ini, ndiyo yenye fitina: humwaga asidi za mafuta katika damu, na misuli na ini vikaacha kuisikia insulini inapoviamuru viichukue sukari. Kongosho huongeza insulini, huongeza tena, mwisho huchoka. Hapo ndipo kisukari kinapoanzia, na pamoja nacho huja lehemu mbaya na shinikizo la damu, kwa maana mambo haya matatu ni ndugu wa tumbo moja.

Nchini Uganda, mwaka 2020, madaktari wa Kampala walieleza kuwa katika wagonjwa 3,417 waliohamishiwa dolutegraviri, 16 walipatwa na sukari ya juu sana, na baadhi yao walifikishwa hospitali wakiwa mahututi. Idadi hiyo ni ndogo, pungufu ya mmoja katika kila 200, lakini wengi wao walikuwa wamekonda kabla sukari haijagunduliwa. Hapa twaomba msomaji atulie kidogo. Mtu anayetumia dawa vizuri, halafu akaanza kukonda, anakojoa mara kwa mara na kiu haimwishi, katika kijiji chetu ataambiwa nini? Ataambiwa dawa zimemkataa. Ataambiwa amerogwa. Wenye huruma watamletea asali na juisi ya miwa ili apate nguvu. Naye ana kisukari, na kipimo cha tone moja la damu kidoleni kingetosha kuliona jambo lote kwa muda usiozidi dakika moja. Au ana kifua kikuu, ambacho nacho hukondesha na hupimwa kwa makohozi. Kukonda kwa mtu anayetumia dawa si hukumu ya kifo. Ni sababu ya kumpeleka apimwe.

Shinikizo la damu nalo lina ushahidi wa hapa hapa nyumbani. Uchunguzi uliofanywa Mwanza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watu wa aina tatu. Katika wasio na virusi, 16 katika kila 100 walikuwa na presha. Katika wenye virusi ambao hawajaanza dawa, 5 tu. Katika waliotumia dawa kwa zaidi ya miaka miwili, karibu 29. Mtu mwenye haraka atasema: mnaona, dawa ndizo zinazoleta presha! Hasha. Ugonjwa usiotibiwa hukondesha na kushusha presha, kama vile njaa inavyofanya. Anayerudi katika uzima hurudi pamoja na umri wake, uzito wake, chumvi yake na presha yake. Juu ya hayo, virusi hata vikiwa vimezimwa huacha ndani ya mishipa ya damu uvimbe mdogo mdogo usioonekana. Ndiyo sababu hatari ya maradhi ya moyo kwa mtu mwenye virusi ni karibu mara mbili ya ile ya mwenzake wa umri huo huo.

Sasa tuje kwenye jambo linalotutia hofu kuliko yote. Tumfikirie mama wa Mbwera, mkulima wa mpunga, ambaye hakumwambia mumewe kuwa anatumia dawa. Kwa mwaka wa kwanza mwili wake umejengeka, watu wanamsifu, mume amefurahi. Mwaka wa pili tumbo limekua kama la mjamzito na hana mimba. Mawifi wameanza kuuliza. Yeye anajua kwamba kitu kimoja tu kimebadilika katika maisha yake, nacho ni kile kidonge alichokificha ndani ya pishi la mchele. Anayo njia mbili. Ya kwanza ni kukiacha kimya kimya ili tumbo lishuke. Ya pili ni kujiambia kuwa kwa mwili huu alionao ni dhahiri amepona, na aliyepona hahitaji dawa. Njia zote mbili zinafika mahali pamoja. Virusi huamka katika majuma machache, na pengine huamka vikiwa vimejifunza kuishinda dawa, naye akibeba mimba au akinyonyesha, mtoto yumo hatarini. Tusijidai kuwa haya ni ya kufikirika. Mwaka 2011 maelfu ya watu waliifuata njia ya Loliondo kunywa kikombe cha Mchungaji Mwasapile, na miongoni mwao walikuwamo watumiaji waliojiona wamepona wakaacha dawa zao.

Kwa yule anayefikiri kuwa akiacha dawa kwa muda ataupumzisha moyo na tumbo lake, jibu lilipatikana tangu mwaka 2006. Watafiti wa nchi nyingi waliwagawa watu 5,472 katika makundi mawili: wa kwanza waliendelea na dawa pasipo kukoma, wa pili waliachishwa kinga yao ilipokuwa nzuri na kurudishwa iliposhuka. Ilidhaniwa kwamba hao wa pili wangepata nafuu ya madhara ya dawa. Yakatokea kinyume. Waliokatiza walikufa zaidi, na hata maradhi ya moyo yenyewe, ambayo ndiyo yaliyoogopwa, yaliwapata zaidi. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Basi mwenye kitambi kilicholetwa na uzima asikate mti kwa kuwa tunda lake ni zito. Aende kwa mganga aeleze, apimwe, na kama kuna dawa ya kubadilishwa ibadilishwe na wenye kazi hiyo. Akiwa ana kisukari na anapewa metformini, aseme wazi kuwa anatumia dolutegraviri, kwa sababu dolutegraviri huifanya metformini ikae mwilini kwa wingi zaidi na kipimo chake hakina budi kuangaliwa. Vidonge vya kuongeza damu na dawa za kutuliza asidi ya tumbo navyo visimezwe holela pamoja na kidonge hicho.

Kwa wafanyakazi twapenda kuongeza neno moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ya virusi, na Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apewe kazi au kuzitoa nje siri za majibu yake. Msimamizi amwonapo kibarua wake amebadilika mwili hana haki ya kumhoji amekunywa nini. Wala katibu wa tawi hana haki hiyo, wala balozi wa shina. Twajua kwamba katika vijiji vyetu siri hukaa kwa shida. Lakini muuguzi anayemwita mtu kwa sauti kubwa mbele ya foleni, akitaja kliniki anayokwenda, amemfukuza mtu huyo asirudi tena, hata kama hakukusudia.

Na chakula? Hapa waandishi wengi hupenda kukimbilia kuhubiri. Kumhubiria mtu wa delta apunguze kula, mtu ambaye mpunga wake ulichukuliwa na mafuriko ya Aprili 2024 pamoja na wa jirani zake wa Rufiji na Kibiti nzima, ni jambo la kuchekesha, kama si la kutukana. Mtu anayelala ndani ya dungu shambani akiwafukuza nguruwe na ndege, anayepiga makasia na kukata nguzo za mikoko, anafanya mazoezi kuliko sisi sote tunaoandika magazeti. Huyo anahitaji chakula cha kutosha na cha namna mbalimbali, basi. Lakini Kibiti ya barabarani ina hali nyingine. Mchuuzi, fundi, dereva na karani hukaa kutwa nzima, hunywa chai ya vijiko vinne vya sukari na chapati mbili, mchana wali wa sahani iliyofurika, jioni chipsi zilizokaangwa kwa mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, na soda juu yake. Hao ndio kwao kilo 3 za dawa hukutana na kilo 10 za meza. Kwao yafaa sahani ipunguzwe wali na iongezwe kisamvu, tembele, mchicha na kunde; samaki na kamba, ambao Mungu ametujalia, wachemshwe au wachomwe badala ya kuzamishwa katika mafuta; tui lisiwe zito kila siku; na soda ibaki kuwa ya arusini. Sigara na iachwe kabisa, maana mishipa ya damu ya mwenye virusi haina nafasi ya adui wa pili. Mtu atembee nusu saa kwa siku. Haya hayahitaji fedha. Mengine hupunguza matumizi.

Zipo pia dawa. Mwaka 2023 ulitangazwa utafiti uliohusisha watu 7,769 wenye virusi katika nchi 12, Uganda ikiwamo, ulioonyesha kuwa kidonge cha kila siku cha kushusha lehemu kilipunguza mishtuko ya moyo, viharusi na mengine ya namna hiyo kwa asilimia 35, hata kwa watu ambao hatari yao haikuonekana kuwa kubwa. Dawa za kundi hilo zimo katika maduka yetu. Lakini hapana mganga mwenye busara atakayempa mtu dawa ya lehemu, ya presha au ya sukari pasipo kumpima, na hapo ndipo tunaporudi kwenye mizizi ya jambo lenyewe. Dawa za virusi ni bure. Kipimo cha wingi wa virusi ni bure. Vipimo vya sukari na mafuta ya damu mara nyingi mtu hulipa mfukoni, au huambiwa aende hospitali ya mbali. Tumeweka ulinzi katika mlango mmoja wa nyumba, na madirisha tumeyaacha wazi.

Mtu asituambie kuwa haiwezekani. Rufiji, wakati huo Kibiti ikiwa ndani yake, iliwahi kuifundisha Afrika namna ya kufanya. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikisaidiwa na Canada, ilianzisha hapo na Morogoro mpango wa kuzipanga fedha za afya za wilaya kwa kufuata hesabu ya maradhi yanayoua watu, si kwa kufuata mazoea ya ofisi. Wadadisi walikwenda nyumba kwa nyumba wakiandika nani amezaliwa, nani amekufa na kwa maradhi gani. Ilionekana kuwa malaria na maradhi mengine ya watoto yalikuwa yakiua wengi na kupewa fedha chache. Fedha zikahamishwa, na zilizoongezwa hazikuwa nyingi. Katika miaka mitano vifo vya watoto vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40. Wilaya ile ile, mito ile ile, barabara mbovu zile zile.

Basi wanachama wa Kibiti, mnapokaa katika vikao vya matawi na kata, na madiwani wenu wanapokwenda kupitisha makisio ya halmashauri, ulizeni mambo manne tu. Je, kila zahanati inayotoa dawa za virusi, bara na visiwani, inayo mizani inayofanya kazi, na uzito wa kila mtu unaandikwa katika kadi yake na kulinganishwa na wa mwaka uliopita? Je, inacho kipimo cha presha, na kila mtu mzima anapimwa kila anapokuja kuchukua dawa? Je, inayo mashine ndogo ya sukari pamoja na vijiti vyake, si mashine peke yake, kwa kuwa mashine bila vijiti ni pambo la mezani? Na je, muuguzi amefundishwa kumwambia mtu, siku ya kwanza kabisa anapompa kidonge, kwamba mwili wake utabadilika, utabadilika vipi, na lini arudi kuuliza?

Kiuno hakihitaji hata mashine. Utepe wa fundi cherehani unatosha, na kwa kweli mafundi wetu huwa wa kwanza kujua nani amenenepa tumbo, kabla ya daktari yeyote. Mwanamke akizidi sentimeta 80, au mwanamume akizidi 94, kipimo kikipita usawa wa kitovu, aongezewe uangalizi. Presha ikifika 140 kwa 90 arudiwe kupimwa siku nyingine. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7 apelekwe Kibiti au Mchukwi bila kungoja. Vyombo vyote tulivyovitaja, pamoja na betri zake na daftari la kuandikia, huingia katika sanduku moja ambalo mtu mmoja aweza kulibeba kichwani kutoka gatini Nyamisati hadi kwenye mashua, maji yakijaa.